Kutetea Nyumba Zilizowekwa Rehani
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa kazi ya kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo katika mwaka huu limetuchukua wakati mwingi kupita hata mambo ya mazishi na karo za shule. Jambo lenyewe ni nyumba na mashamba ya wanachama yaliyowekwa rehani, na jinsi mtu awezavyo kujitetea kwa sheria pindi mkopeshaji atakapo kuyauza. Hatusemi haya ili kumfundisha mtu kukwepa deni. Deni hulipwa, na chama hiki hakitamsaidia mtu aliyekopa fedha za watu huku amekusudia kutozirudisha. Twasema kwa kuwa tumeona nyumba zikiuzwa pasipo haki, na tumeona nyingine zikiuzwa kwa haki ambazo zingaliokolewa kama mwenyewe angalifungua barua zake mapema.

Wazee wetu watakumbuka, ama kwa macho yao au kwa masimulizi ya baba zao, kwamba Mwafrika wa nchi hii hakuwa na hati ya ardhi, na asiye na hati hakuna benki iliyomtazama. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kukusanya vipande vya mashamba na kuwaandikia wenyewe hati, moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba mkulima apate kukopa kwa dhamana ya shamba lake. Hayo yametimia. Watu wamekopa, wamejenga nyumba za mawe, wamefungua maduka na kusomesha watoto. Lakini hati iliyompeleka mkulima benki ndiyo hiyo hiyo imleteayo dalali nyumbani, na wengi wetu tumejifunza nusu ya kwanza ya jambo hilo bila kujifunza ya pili.

Kwa watu wa pwani hila za rehani si mpya. Zamani palikuwa na kitu kilichoitwa bei khiyari. Mwenye haja ya fedha aliandika kwamba ameuza nyumba au shamba lake, akabakiwa na hiari ya kulirudisha kwa kulipa fedha zile zile katika muda uliowekwa. Wakati huo wote aliendelea kukaa ndani na kulipa kodi, na kodi hiyo kwa hakika ni riba iliyobadilishwa jina. Muda ulipokwisha bila malipo, aliyekopa aliambiwa kwamba aliuza, si kwamba alikopa. Kule Unguja mashamba mengi ya karafuu yalizama katika madeni, hata serikali ya huko ikalazimika katika miaka ya 1930 kutunga sheria za kuyazuia yasihame mikononi mwa wenyewe.

Twaitaja habari hii kwa sababu wakopeshaji wa mitaani wa siku hizi hutumia hila iliyo ndugu ya hiyo. Mtu aomba laki tatu kwa mwezi mmoja. Aambiwa alete hati, picha zake na nakala ya kitambulisho, kisha atie sahihi mkataba wa kuuza kiwanja pamoja na fomu ya kuhamisha ardhi isiyoandikwa tarehe. Aambiwa kwamba hizo ni karatasi za kawaida tu. Mwezi ukipita, tarehe huandikwa, fomu hupelekwa kwa Msajili wa Ardhi, na kiwanja cha milioni mbili chaondoka kwa deni la laki tatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi mali. Lakini ili mahakama ione kwamba mkataba ule wa kuuza ulikuwa mkopo uliovishwa nguo nyingine, ni lazima wewe ulete ushahidi: ujumbe wa simu, rekodi za fedha ulizopokea na ulizolipa, na shahidi aliyekuwapo. Ikiwa ni shamba la kilimo, pana kinga nyingine. Kwa Sheria ya mwaka 1967 inayosimamia ardhi ya kilimo, kuuza au kuweka rehani shamba pasipo idhini ya bodi ya ardhi ni kazi bure. Idhini hiyo yapasa kuombwa katika miezi sita tangu mapatano, na mapatano yasiyopata idhini ni batili. Basi asiyeitwa mbele ya bodi na aulize upesi ni nani aliyesimama huko kwa jina lake.

Sasa tuje kwa mabenki na wakopeshaji wenye leseni, maana huko ndiko yaliko madeni makubwa.

Wengi hudhani kwamba mtu akikosa kulipa miezi miwili mitatu, benki yaweza kuja asubuhi na dalali na kufunga mlango. Sivyo. Sheria imeweka ngazi, na kila ngazi ina siku zake. Kwanza, kosa la kutolipa liwe limeendelea kwa muda wa mwezi mmoja. Ndipo mkopeshaji atoe notisi ya maandishi yenye kueleza kosa ni lipi, kiasi gani kinadaiwa, na kwamba mdaiwa ana muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Notisi hiyo imwambie pia kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Miezi mitatu ikipita, na mkopeshaji akachagua kuuza, hana budi kutoa notisi ya pili ya kuuza, na asiuze mpaka siku 40 zipite. Kisha huja dalali mwenye leseni, naye kwa kanuni za madalali za mwaka 1997 ampe mwenye nyumba siku 45 za kukomboa mali yake. Zikipita hizo, mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza la gazeti. Ukizihesabu moja baada ya nyingine, zapita miezi saba. Miezi saba si kidogo. Katika muda huo mtu aweza kuuza ng'ombe au kipande cha kiwanja kwa bei yake mwenyewe, kuomba benki nyingine ilichukue deni, au kukaa mezani na mkopeshaji na kupatana upya. Hata dakika ya mwisho, kabla mkopeshaji hajafunga mapatano na mnunuzi, sheria yamruhusu mwenye mali kulipa na kuifungua rehani yake.

Ngazi moja ikirukwa, au notisi ikiwa na siku pungufu, au ikipelekwa kwa anwani isiyo yako, hapo ndipo wakili hupata pa kushika.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja kwetu mzee mmoja ambaye hatutamtaja, ingawa ametupa ruhusa ya kusimulia. Mwanawe alikuwa na biashara ya kusafirisha mizigo, akataka mkopo wa shilingi milioni tatu. Mzee akatoa hati ya kiwanja chenye nyumba anayokaa na mama watoto. Kijana alilipa miezi 14, gari likaharibika, akanyamaza. Barua za benki zilikwenda kwa kijana. Mzee alijua habari siku alipomkuta mtu akipiga picha ukuta wa nyumba yake. Notisi ilipotafutwa ilionekana imempa miezi miwili badala ya mitatu. Tena mama hakuwa ametia sahihi karatasi yoyote, wala hakuna aliyemwuliza.

Hapa twaomba mtusikilize vizuri. Sheria hiyo ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani ya nyumba ya ndoa haifai kitu isipokuwa karatasi zake zimetiwa sahihi na mweka rehani pamoja na mwenzi wake anayekaa katika nyumba hiyo, au ziwe na ushahidi kwamba mwenzi huyo amekubali. Mwenzi aliyekubali ana haki ya kupewa nakala ya notisi ya kuuza, na mwenzi aweza mwenyewe kwenda mahakamani kuomba nafuu, asingoje mume. Wako waume, na wengine wamo katika ukumbi huu, ambao wameapa mbele ya wakili kwamba hawana mke ili mkopo utoke upesi. Twasema bila kuficha: hicho ni kiapo cha uongo, nacho hakimdhuru mkopeshaji kama kimdhuruvyo mama wa nyumba. Kwa kuwa mama akija baadaye kusema hakukubali, benki itatoa kiapo cha mumewe, na mahakama itakuwa na kazi ya kupima ni nani asadikiwe.

Mzee wetu hakuwa ameapa hivyo. Wakili alipeleka mashtaka Mahakama Kuu pamoja na ombi la dharura. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2017 kwamba ugomvi juu ya rehani ni wa Mahakama Kuu, wala si wa mahakama ya mazingira na ardhi. Mtu akianza mlango usio wake, siku humwishia barazani. Jaji alitoa zuio la muda bila kuusikia upande wa pili, na zuio la namna hiyo kwa kanuni halipiti siku 14. Kisha pande zote mbili zikasikiwa.

Mahakama zetu hupima ombi la zuio kwa mizani iliyowekwa mwaka 1973 katika kesi ya Giella na Cassman Brown. Mwombaji aonyeshe kwanza kwamba ana kesi yenye dalili ya kushinda. Pili, kwamba asipozuiliwa mwenzake, atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha. Jaji akiwa na shaka, hutazama ni upande gani utakaoumia zaidi. Ile ya pili ndiyo iliyo ngumu kwa wenye nyumba, maana majaji wengi wamesema kwamba mtu akiisha kuweka mali rehani, ameifanya kuwa bidhaa, na bidhaa ina bei. Kusema tu, 'Hapa ndipo walipozikwa wazee wangu,' hakutoshi, ijapokuwa sisi sote twajua uzito wake. Wala haitoshi kubishania hesabu. Mahakama hazikubali kuzuia mnada kwa sababu tu pande mbili hazipatani juu ya kiasi cha deni, na mara nyingi humwambia mdaiwa aweke mahakamani kile anachokiri kudaiwa. Kilichomsaidia mzee wetu ni upungufu wa notisi na sahihi ya mama isiyokuwapo. Mnada ulizuiwa mpaka kesi isikilizwe.

Wengine walipiga vigelegele siku ile. Wakili aliwanyamazisha, na alifanya vema. Zuio halifuti deni, nalo kwa kanuni hufa kesi isipokatwa katika miezi 12, ila jaji akiona sababu ya kutosha kuliongeza. Notisi mbaya yaweza kufuatwa na notisi nzuri. Kwa hiyo kamati ilikaa na mzee, na mwanawe, na maofisa wa benki, wakapatana malipo ya kila mwezi kwa miaka minne. Nyumba ingali yake na deni lingali lake. Kijana ameuza gari.

Hatukufaulu mara zote. Mjane mmoja alitujia na mfuko wa nailoni uliojaa barua, nyingine hazijafunguliwa. Aliogopa, tena zilikuwa kwa Kiingereza. Nyundo ya dalali ilikuwa imekwisha kushuka siku tisa kabla. Baada ya hapo sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na aliyedhulumiwa kwa uuzaji usio wa kanuni hubakiwa na haki ya kumdai mkopeshaji fidia ya fedha. Fidia si nyumba. Tulitazama bei kama kulikuwa na njia, maana sheria yamlazimu mkopeshaji kutafuta bei bora iwezekanavyo, na kabla ya kuuza apate hesabu ya mthamini. Kwa kanuni za madalali bei ya chini itokane na uthamini usiopita miezi 12. Ikiuzwa kwa upungufu wa robo au zaidi ya bei ya soko, mahakama hudhani kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake, na ni juu yake kuonyesha vingine. Nyumba ya milioni nane, kwa mfano, ikiuzwa milioni sita au chini yake, mwenyewe aweza kuomba uuzaji ubatilishwe. Ya mjane huyu ilikuwa imeuzwa kwa bei iliyo karibu na ya soko. Sasa anakaa kwa dada yake.

Juu ya riba tuna machache. Wako wanachama wanaodhani kwamba riba ya benki ingali imewekewa mpaka na sheria. Mpaka huo ulianza Septemba 2016 na ukaondolewa Novemba 2019. Lakini kinga nyingine ingali ipo, nayo ni bora kuliko ile, wala haijulikani sana. Tangu tarehe 1 Mei 2007 Sheria ya Mabenki yakataza benki kudai riba inayozidi mtaji uliokuwa umebaki siku mkopo ulipohesabiwa kuwa umelala. Tuseme ulikopa milioni moja, ukalipa hata ikabaki laki sita, ndipo ukashindwa. Riba itakayoongezwa juu ya laki sita hizo, hata ipite miaka kumi, haitazidi laki sita nyingine. Jumla ni milioni moja na laki mbili, pamoja na gharama za kudai deni kwa mujibu wa mkataba. Tumeona karatasi za hesabu zilizopita kiasi hicho mara mbili, na mdaiwa akiomba msamaha badala ya kuomba hesabu. Tena, palipo na riba inayobadilika, mkopeshaji hana ruhusa ya kuipandisha kimyakimya. Yampasa kutoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 30 yenye kutaja kiwango kipya. Tena, mahakama ina uwezo wa kuifungua upya rehani iliyowekwa juu ya nyumba ya ndoa na kubadili masharti yake, kwa ajili ya kutenda haki baina ya pande mbili.

Asiwepo wa kusema kwamba kumtaka mkopeshaji alete karatasi zake ni utundu wa watu maskini. Katika Marekani, baada ya taabu ya mwaka 2008, watu wengi mno walinyang'anywa nyumba, na mwaka 2010 ikafichuka kwamba maofisa wa mabenki walikuwa wakitia sahihi maelfu ya hati za viapo bila kuzisoma, wakiapa juu ya madeni wasiyoyajua. Waliolifichua ni mawakili wa wenye nyumba, kwa kuuliza maswali madogo: nani alitia sahihi hii, na aliijuaje habari hiyo? Februari 2012 mabenki makubwa matano yalikubali kutoa kama dola bilioni 25 katika mapatano na serikali kuu na majimbo 49. Maswali hayo yaweza kuulizwa Nakuru na Kisumu pia.

Tuna neno kwa wazee wanaotoa hati kwa ajili ya mikopo ya watoto. Hatusemi msiwasaidie. Lakini mweka rehani hutakiwa kutia sahihi maneno ya kukiri kwamba anaelewa haki za mkopeshaji za kuuza, na wengi hutia sahihi hapo bila kusomewa. Mtakeni wakili awasomee kwa lugha mnayoielewa, tena awe wakili wenu, asiwe wa benki wala wa kijana. Takeni mkataba utaje kiasi cha mwisho mnachodhamini. Na barua ziandikwe kwa anwani yenu ninyi. Haya matatu mzee wetu wa nyumba ile ameomba tuyaseme kwa niaba yake.

Mtu asiyeweza kumlipa wakili asikae kimya kwa aibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yawahusu wasio na uwezo, hata katika kesi za madai, na katibu atamwandikia barua ya kwenda huko. Jihadharini pia na vijana wanaozunguka viwanja vya mahakama wakijidai kwamba wana mtu ndani atakayesimamisha mnada kwa shilingi elfu hamsini. Hakuna mtu huyo.

Kuanzia mwezi ujao kamati itakaa ofisini kila Jumamosi ya kwanza, saa tatu hadi saa saba, pamoja na wakili aliyekubali kutusomea barua bila ada. Mwenye shida na alete nakala ya hati, mkataba wa mkopo, stakabadhi zote za malipo, na kila barua aliyopokea pamoja na bahasha yake, maana muhuri wa posta ndio uonyeshao siku notisi ilipotumwa. Aje na mwenzi wake. Na yule ambaye ana barua mfukoni hivi sasa asingoje Jumamosi. Katibu yupo mlangoni, amwone kabla ya chai.